Ukubwa wa Kampasi na Uchaguzi wa Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeketi na vijana wengi waliokuwa na barua mbili za udahili mkononi, moja ya chuo kikubwa na nyingine ya chuo kidogo, na karibu wote huuliza maswali yaleyale. Wazazi nao wana yao. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mikunjo, mengine ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi. Soma swali linalokuhusu. Palipo na jibu linalogusa jingine nimeonyesha namba.

## Mambo ya msingi

1. Mtu akisema chuo ni "kikubwa", anamaanisha nini hasa?

Anaweza kumaanisha idadi ya wanafunzi, au upana wa ardhi. Watu huyachanganya haya mawili kila siku. Neno kampasi limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uwanja, na lilianza kutumiwa kwa maana ya chuo huko Princeton, Marekani, katika karne ya 18. Lakini uwanja mpana si lazima uwe na watu wengi. Chuo cha Berry, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kina takriban ekari 27,000, sehemu kubwa ikiwa msitu, ilhali wanafunzi wake ni elfu mbili na ushei. Chuo Kikuu cha New York kina wanafunzi zaidi ya 50,000, na majengo yake yamechanganyika na mitaa ya Manhattan bila ukuta wala lango.

Kwa upande wa watu, kipimo ambacho kimetajwa sana ni mgawanyo wa Carnegie, utaratibu wa kuvipanga vyuo vya Marekani, ambao kwa miaka mingi umehesabu hivi: chini ya wanafunzi 1,000 ni chuo kidogo sana, 1,000 hadi 2,999 ni kidogo, 3,000 hadi 9,999 ni cha wastani, na 10,000 kwenda juu ni kikubwa. Katika ukurasa huu, nikisema "kikubwa" au "kidogo" bila kufafanua, nazungumzia watu. Ardhi ina swali lake, namba 10.

2. Kwa nini ukubwa uwe na uzito katika kuchagua chuo?

Kwa sababu unagusa mambo ambayo mwanafunzi huyaishi kila siku: utakaa na watu wangapi darasani, mhadhiri atalijua jina lako au la, kozi ngapi zitakuwa mbele yako, na ni nani atakayegundua ukikosa kuonekana kwa wiki nzima. Mtu anaweza kuipenda fani yake na bado akashindwa kuendelea kwa sababu mazingira yalimmeza, au yalimbana.

Ila naomba ulishike jambo moja kabla hujaendelea. Namba iliyo kwenye brosha ni ukubwa wa chuo kizima, na hakuna anayeishi katika chuo kizima. Utaishi katika idara, katika bweni, katika madarasa manne au matano kwa muhula. Idara ya wanafunzi 40 ndani ya chuo cha watu 45,000 ni kijiji ndani ya jiji. Na kozi moja inayokimbiliwa na kila mtu katika chuo cha watu 3,000 inaweza kujaa kuliko unavyodhani. Ukubwa wa kuuliza ni ule wa mahali utakapokaa wewe.

3. Kuna idadi ya wanafunzi iliyo bora kwa kila mtu?

Hakuna. Mwanaanthropolojia Mwingereza Robin Dunbar alipendekeza miaka ya 1990 kwamba mtu anaweza kudumisha uhusiano thabiti na wa maana na watu wapatao 150 hivi. Hata ukikubaliana naye, chuo cha watu 2,000 tayari kimeshapita idadi hiyo mara nyingi. Kila mwanafunzi, popote alipo, hujichongea duara lake dogo. Kinachotofautiana ni kwamba penye watu wachache duara hilo hujiunda karibu lenyewe, na penye wengi inabidi ulitafute.

## Darasani

4. Ni kweli kwamba kwenye chuo kikubwa nitakaa ukumbini na mamia ya watu?

Mwaka wa kwanza, mara nyingi ndiyo. Kozi za utangulizi kama kemia, uchumi, saikolojia na hisabati husomwa na wanafunzi wa fani nyingi kwa pamoja, kwa hiyo hukusanywa kwenye ukumbi mmoja. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, kila mmoja anapoelekea kwenye fani yake, madarasa hupungua. Semina ya mwaka wa mwisho katika chuo kikubwa inaweza kuwa na watu 12 tu.

Niliwahi kuketi safu ya nyuma kwenye mhadhara wa kemia wa mwaka wa kwanza. Mhadhiri alionekana mdogo kama kidole, na sauti yake ilitoka kwenye spika iliyokuwa juu ya kichwa changu. Kijana mmoja mbele yangu aliinua mkono nusu, akautazama ukumbi, kisha akajikuna kichwa kana kwamba ndicho alichokusudia tangu mwanzo. Swali lake likabaki naye. Siku mbili baadaye nilimwona tena, safari hii kwenye kikundi cha mazoezi cha kozi ileile: watu 18, mkufunzi msaidizi mmoja, ubao mmoja. Aliuliza mara tatu. Kwa hiyo ukiambiwa kozi ina watu 400, usikatae papo hapo. Uliza kama kuna vikundi vya mazoezi, vina watu wangapi, na ni nani anayeviendesha.

5. Brosha inasema "wastani wa wanafunzi darasani ni 40". Niamini?

Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikakupotosha. Hili ndilo swali ninalotamani kila mwombaji aliulize, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Chukua idara yenye madarasa kumi. Tisa yana wanafunzi 10 kila moja, na la kumi lina wanafunzi 310. Jumla ya viti ni 400. Ukigawa kwa madarasa kumi unapata wastani wa 40, na idara inaweza kutangaza kwa haki kwamba asilimia 90 ya madarasa yake yana watu 10 tu. Sasa geuka uangalie kwa macho ya mwanafunzi. Kati ya viti 400, viti 310 viko kwenye ule ukumbi mkubwa. Ukiwauliza wote 400 "darasani kwenu mko wangapi?" kisha ukatafuta wastani wa majibu yao, utapata 242.5. Idara ni ileile, wanafunzi ni walewale, lakini mmoja amehesabu madarasa na mwingine amehesabu watu.

Uwiano wa wanafunzi kwa mhadhiri nao una mtego wake. "Wanafunzi 10 kwa mhadhiri mmoja" hakumaanishi madarasa ya watu 10. Ndani ya hesabu hiyo huenda wamo wahadhiri walio kwenye utafiti, walio likizoni, au wanaofundisha shahada za juu peke yake. Badala ya wastani, omba idadi ya waliosajiliwa katika kozi tano za mwaka wa kwanza wa programu unayoitaka. Ofisi ya idara huwa nayo.

6. Chuo kidogo kina kozi chache?

Ndiyo, na hapa sitazunguka. Idara yenye wahadhiri watano haiwezi kufundisha kozi 40 kwa mwaka. Kozi nyingine hutolewa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na ukiikosa mwaka wake unaweza kumaliza masomo bila kuisoma. Ikiwa unajua unataka fani nyembamba, tuseme lugha isiyofundishwa sana au tawi fulani la uhandisi, ichunguze orodha ya kozi zilizofundishwa kweli katika miaka miwili iliyopita. Iliyochapishwa kwenye prospektasi huwa na majina ambayo hayajafundishwa kwa muda mrefu.

Vyuo vingine vidogo vimepata dawa ya tatizo hili kwa kushirikiana. Huko Claremont, California, taasisi saba ziko bega kwa bega, tano za shahada ya kwanza na mbili za shahada za juu. Mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kusajili kozi katika kingine na kwenda kwa miguu. Kabla hujakihukumu chuo kidogo kwa orodha yake fupi, uliza jirani zake ni akina nani.

7. Nataka kufanya utafiti. Si lazima niende chuo kikubwa?

Si lazima. Chuo kikubwa cha utafiti kina mashine na maktaba ambazo chuo kidogo hakiwezi kuzimudu, na kina watu wanaoandika yale utakayosoma vitabuni. Lakini kina pia wanafunzi wa uzamivu, na hao ndio hukaa karibu zaidi na mashine. Katika chuo kisichotoa shahada za juu, profesa akihitaji mikono maabarani, mikono iliyopo ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Na usifikirie kwamba udogo na utafiti mkubwa haviendi pamoja. Caltech, chuo cha sayansi na teknolojia huko California, ina wanafunzi wapatao 1,000 tu wa shahada ya kwanza, na ndiyo inayoiendesha JPL, maabara ya vyombo vya anga, kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani. Swali la kupeleka kwa idara, kubwa au ndogo, ni hili: mwaka jana, wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza walifanya kazi kwenye miradi ya wahadhiri, na walianza mwaka wa ngapi?

8. Nitapataje barua ya mapendekezo ikiwa mhadhiri hanijui?

Hutaipata, au utapata barua inayosema ulipata A na hukukosa vipindi. Barua ya namna hiyo haimsaidii mtu. Kwenye chuo kidogo kujulikana hutokea kwa kukutana mara kwa mara. Kwenye chuo kikubwa ni kazi ya kufanywa kwa makusudi. Wahadhiri hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi hukaa peke yao ofisini saa hizo. Chagua wawili kwa mwaka. Nenda ukiwa na swali la kweli kuhusu somo, na urudi tena baada ya wiki kadhaa.

## Maisha nje ya darasa

9. Naogopa nitapotea kwenye chuo kikubwa. Hofu yangu ina msingi?

Ina msingi. Upweke wa mahali penye watu 30,000 ni mzito kwa namna yake, kwa sababu unaona kila mtu anaelekea mahali na wewe huna pa kuelekea. Wiki za mwanzo ndizo ngumu zaidi, na wengi huamini wakati huo kwamba ni wao peke yao.

Vyuo vyenyewe vimelijua hili muda mrefu. Oxford imegawanyika katika vyuo zaidi ya 30, Cambridge ina 31, kila kimoja kikiwa na malazi, ukumbi wa kulia na maktaba yake, hivyo mwanafunzi ana nyumba ndogo ndani ya chuo kikuu. Yale ya Marekani ilianza utaratibu unaofanana na huo mwaka 1933 na sasa ina vyuo vya makazi 14. Kwingineko utakuta mabweni ya wanafunzi wa fani moja, au vikundi vya mwaka wa kwanza vinavyosoma kozi mbili tatu pamoja. Mahali ambapo hakuna lolote kati ya hayo, jiunge na kikundi kimoja kinachokutana kila wiki, katika wiki tatu za kwanza, kabla watu hawajazoeana. Kimoja kinatosha.

10. Ardhi pana ina shida gani?

Miguu. Mtu hutembea kama kilomita 5 kwa saa, maana yake dakika 10 kati ya vipindi zinatosha mita 800 hivi. Kipindi kikiisha upande mmoja wa kampasi na kinachofuata kikiwa kilomita moja na nusu, utachelewa kila wiki kwa muhula mzima, au utatoka kabla ya mhadhara kuisha na kukosa dakika zile ambazo mhadhiri hutaja kitakachotoka kwenye mtihani. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Stanford huko California, chenye zaidi ya ekari 8,000, kimejaa baiskeli.

Chukua ratiba ya mfano ya mwaka wa kwanza na ramani, kisha upime: bweni hadi darasa la asubuhi, darasa hadi maabara, maabara hadi maktaba. Uliza pia kama kuna basi la ndani na linakoma saa ngapi usiku. Maktaba inayofungwa saa sita usiku haikufai kitu ikiwa basi la mwisho ni saa tatu.

11. Kwenye chuo kidogo kila mtu atajua mambo yangu?

Mengi, ndiyo. Ukigombana na rafiki, mtakutana kwenye foleni ya chakula, darasani na kwenye ngazi za bweni. Penye wengi pana mengi, lakini penye wachache nako kuna yake: habari husafiri haraka na hakuna pa kujificha. Wengine hilo huwalea vizuri. Mlezi wa masomo anagundua mapema kwamba umeanza kukosa vipindi, na hilo limewaokoa vijana ninaowajua. Mwingine anahitaji nafasi ya kuanza upya, ya kukosea bila hadhira, na kwake chuo kikubwa ni pumzi. Jiulize kwa unyofu: shuleni ulichanua ulipojulikana na wote, au ulipoachwa peke yako?

12. Nikitaka kucheza, kuigiza au kuongoza, wapi kuna nafasi zaidi?

Chuo kikubwa kina vikundi vingi zaidi. Nafasi *yako* ni jambo tofauti. Mwaka 1964 wanasaikolojia Roger Barker na Paul Gump walichapisha uchunguzi wao wa shule za sekondari za Kansas, kubwa kwa ndogo. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi, lakini wanafunzi wa shule ndogo ndio waliobeba majukumu zaidi ndani ya shughuli hizo. Sababu inaeleweka ukiifikiria: timu inahitaji idadi ileile ya wachezaji penye watu 200 na penye 2,000. Penye 200 utaombwa ujiunge hata kama mguu wako si wa dhahabu, na penye 2,000 utafanyiwa mchujo.

Uchunguzi ule ulikuwa wa sekondari, lakini hesabu yake naiona kila mara vyuoni. Ikiwa unataka kushindana katika ngazi ya juu kabisa ya mchezo au muziki, nenda penye wengi. Ikiwa unataka kushika gitaa kwa mara ya kwanza na bado upande jukwaani kabla mwaka haujaisha, penye wachache patakufaa.

## Kuamua

13. Nitembelee chuo nikaangalie nini?

Nenda siku ya masomo ya kawaida, si siku ya wazi. Siku ya wazi kila mtu anatabasamu. Omba kuketi kwenye kipindi cha mwaka wa kwanza, kisha ubaki ukaone kama wanafunzi wanamfuata mhadhiri mlangoni au wote wanatawanyika. Kaa maktaba saa moja jioni: viti vinapatikana? Kaa ukumbi wa chakula utazame wangapi wanakula peke yao na simu. Mwulize mwanafunzi usiyetambulishwa naye na wenyeji wako, "ukiumwa wiki nzima, nani angejua?" Sijawahi kuona swali linalofunua chuo haraka kama hilo.

14. Siwezi kusafiri kwenda kukiona. Nifanyeje?

Omba kuunganishwa na wanafunzi wawili wa programu yako, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja wa mwaka wa mwisho, na uwaulize maswali ya namba 5, 7 na 13. Kisha mwandikie idara barua pepe yenye swali moja mahsusi. Siku walizotumia kukujibu, na kama jibu limeandikwa na mtu au limenakiliwa kutoka tovutini, vyote viwili ni taarifa.

15. Wazazi wangu wanasisitiza chuo kikubwa chenye jina. Niwaambieje?

Kwanza, usiidharau hoja yao. Jina linalofahamika hufungua mlango wa kwanza wa usaili, na wahitimu wengi maana yake ni watu wengi wa kuwapigia simu. Hiyo ni faida halisi. Lakini jina halifanyi kazi badala ya mtu. Kinachombeba mhitimu ni alichokifanya, anayeweza kumshuhudia, na kama alimaliza. Nenda kwao na vitu vya kushikika: wahitimu wa programu hii, katika chuo hiki na kile, wako wapi sasa? Wangapi kati ya walioanza walimaliza kwa wakati? Mazungumzo ya nyumbani hubadilika mezani kukiwa na karatasi badala ya hisia.

16. Bado sijui nisome nini. Ukubwa unabadilisha chochote?

Sana. Usiyejua unahitaji mambo mawili: fani nyingi za kuonja, na ruhusa ya kubadili. Chuo kikubwa kina la kwanza, lakini baadhi ya programu zake zimejaa na hazipokei wanaohama kutoka ndani. Chuo kidogo mara nyingi ni chepesi kwenye la pili. Uliza masharti ya kubadili programu kabla ya kukubali nafasi.

## Hali za pekee

17. Nina ulemavu au tatizo la kiafya. Nianzie wapi?

Anzia kwenye umbali na ngazi (namba 10), kisha huduma. Chuo kikubwa kwa kawaida kina ofisi maalumu ya wanafunzi wenye ulemavu, zahanati, na wataalamu zaidi. Chuo kidogo kinaweza kuwa na mtu mmoja anayeshughulikia yote, ila mtu huyo atakujua. Lifti iliyoharibika ni lifti iliyoharibika kote kote, kwa hiyo uliza ikiharibika hutengenezwa baada ya muda gani, na kipindi huhamishiwa wapi.

18. Chuo kina kampasi kadhaa. Nihesabu ipi?

Ile iliyoandikwa kwenye barua yako ya udahili, basi. Maktaba kuu, uwanja na picha za brosha huenda viko kampasi nyingine, mwendo wa saa nzima. Hakikisha pia kama programu yako inaanzia hapo na kumalizikia hapo, maana nyingine huhamisha wanafunzi mwaka wa pili.

19. Na nikisoma kwa masafa, ukubwa una maana yoyote?

Ardhi haina. Watu wanayo bado. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969. Vyote vina wanafunzi wengi kuliko kampasi yoyote ya kawaida ingeweza kuwabeba. Hapo ukubwa wako ni kikundi chako cha mkufunzi: kina watu wangapi, na kazi uliyowasilisha inarudi baada ya siku ngapi?

20. Vyuo vidogo kupindukia vinafaa?

Kwa wachache, mno. Chuo cha Deep Springs, kilichoanzishwa mwaka 1917 katika bonde la jangwa la California, kina wanafunzi wapatao 30 tu. Wanasoma, wanafanya kazi za shamba na mifugo, na wanashiriki kuamua nani adahiliwe baada yao. Masomo ni ya miaka miwili, kisha wengi huhamia vyuo vikuu vikubwa. Mahali kama hapo usiombe kwa sababu unakimbia umati. Omba ikiwa unataka watu wale 30 wakutegemee alfajiri, kila siku.

21. Nimeshajiunga na naona nilikosea. Nihame?

Subiri muhula wa kwanza uishe ikiwa tatizo ni upweke, na ujaribu kwanza yaliyo kwenye namba 8 na 9. Upweke wa wiki ya tano hupita kwa wengi. Lakini ikiwa tatizo ni la muundo, kwamba kozi unayoihitaji haipo au kampasi inakuumiza mwili, kungoja hakutalitibu. Wasiliana mapema na chuo unachotaka kuhamia, uwapelekee nakala ya matokeo na muhtasari wa kila kozi uliyosoma, na uwaulize ni zipi watazitambua. Jibu hilo lipate kwa maandishi kabla hujajiondoa ulipo.